Kabla hujampa fundi Switch yako aiwekee chipu, soma hapa

IKIWA unamiliki Nintendo Switch, bila shaka kuna beste aliyewahi kukuambia: “Hiyo weka chipu tu, utacheza gemu zote bure.” Anavyosema, utadhani ni kubadilisha kava la simu. Ukweli ni kuwa kazi hii hufanywa kwenye bodi yenye vipande vidogo kuliko punje ya mchele. Kosa moja tu, na mashine uliyodunduliza hela miezi kadhaa kuinunua haiwaki tena.

Kwa hivyo kabla hujatoa chapaa, elewa unachoingilia.

Chipu inafanya nini?

Kila unapowasha Switch, prosesa hukagua iwapo programu ya kuiwasha ina sahihi halali ya Nintendo. Isipoipata, safari inaishia hapo. Chipu huunganishwa kwa prosesa na kwa hifadhi ya ndani. Ukaguzi unapofanyika, chipu hushusha volteji ya prosesa kwa muda mfupi mno, hata jicho halijapepesa. Prosesa inababaika, inaruka ukaguzi, na programu ya nje inapita. Ni kama kumshtua bawabu wakati anasoma kitambulisho chako.

Jua mashine yako kwanza

Hapa ndipo wengi huliwa pesa. Switch za kwanza, zilizoanza kuuzwa Machi 2017, zina kasoro iliyotangazwa Aprili 2018 na mtafiti Kate Temkin na wenzake. Kasoro hiyo imo ndani ya prosesa yenyewe, sehemu inayoandikwa kiwandani, kwa hivyo hakuna sasisho linaloweza kuiziba. Mashine kama hiyo haihitaji chipu. Kinachohitajika ni kipande kidogo cha kuunganisha pini kwenye reli ya kulia, pamoja na kebo ya USB. Fundi akikuambia lazima uifungue na kulehemu, shika njia.

Utajuaje? Soma namba ya mashine yako, ipo pia kwenye mipangilio. Ikianza na XAW, ni toleo la kwanza, lakini zile zilizotengenezwa kuanzia katikati ya 2018 zilirekebishwa, kwa hivyo linganisha namba nzima. XKW ni toleo la 2019 lenye betri inayodumu zaidi. XJW ni Switch Lite, nayo XTW ni ile ya skrini ya OLED iliyotoka 2021. Hizi tatu za mwisho hazina njia nyingine ila chipu.

Chipu ipi?

Zilizoanza kuvuma, mwaka wa 2020, ni SX Core na SX Lite za kundi la Team Xecuter. Kundi hilo lilivunjwa mwaka huo huo viongozi wake walipokamatwa. Zikafuata nakala zinazoitwa HWFLY, ambazo ubora wake hutegemea bahati. Tangu 2023 walio wengi hutumia Picofly. Hii hutumia kijibodi cha kawaida chenye chipu ya RP2040 ya Raspberry Pi, ambacho ni bei rahisi na hata wanafunzi wa elektroniki hukitumia kwa miradi yao, na programu yake inapatikana bure. Muuzaji akikuuzia Picofly kwa bei ya dhahabu, muulize analipisha nini hasa.

Jambo kubwa zaidi ni ule utepe mwembamba wa nyaya unaolehemiwa kwenye prosesa. Utepe wa Lite hauingii OLED. Taja toleo lako unaponunua.

Fundi yupi?

Fundi anayebadilisha skrini za simu vizuri si lazima aweze kazi hii. Tafuta mwenye hadubini, pasi ya kulehemu yenye ncha nyembamba na mita ya kupimia. Mwulize maswali haya: Umewahi kuweka kwa toleo kama langu? Naweza kuona picha za kazi hiyo? Ukiharibu bodi, nani atalipa? Akikasirika, umeshapata jibu.

Kazi yenyewe ina mpangilio. Akishafungua mashine, kitu cha kwanza ni kutoa plagi ya betri, kwani kulehemu umeme ukiwa ndani ni kujitafutia moto. Kisha anaondoa bati la kupozea, analehemu utepe na nyaya, na anapima kila sehemu kwa mita kabla ya kurudisha betri. Anapaswa kuwasha na kujaribu kabla ya kufunga skrubu. Anaporudisha bati, apake mafuta mapya ya kupozea prosesa, la sivyo mashine itachemka kama sufuria ya githeri.

Usitoke dukani kabla ya kuweka nakala kamili ya hifadhi ya ndani, yaani GB 32 au GB 64 kwa OLED. Ihifadhi kwenye kompyuta yako. Ndani yake mna funguo za mashine yako pekee. Zikipotea, nakala ya rafiki haitakusaidia.

Upande ambao beste hakuambii

Chipu yenyewe si wizi. Wapo wanaoitumia kuhifadhi gemu walizozianza wasipoteze hatua, au kuendesha programu walizojiundia. Lakini tuambiane ukweli: wengi wanataka gemu bila kulipa, na hapo ndipo kuna noma. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inakataza kukwepa kinga zinazolinda kazi za watu. Marekani, Gary Bowser wa Team Xecuter alifungwa miezi 40 mwaka wa 2022, na anadaiwa jumla ya dola milioni 14.5.

Nintendo nao wanaweza kufungia mashine yako isiingie mtandaoni kabisa, na ukifungua akaunti nyingine haitasaidia, maana kinachofungiwa ni mashine. Tangu Mei 2025, masharti yao yanasema wanaweza hata kuifanya isitumike. Kwa hivyo ukinunua Switch ya mtumba, ijaribu mtandaoni kabla ya kulipa. Huenda mwenyewe anakuuzia tatizo lake.

Jiulize swali moja: Ikiharibika leo, unaweza kununua nyingine? Kama jibu ni hapana, usiifungue. Subiri ofa, nunua kadi za gemu zilizotumika, ukimaliza badilishana na mabeste. Na kama kweli unataka kujifunza kulehemu, anza na rimoti mbovu ya nyumbani. Hiyo hata ikiungua, hakuna atakayelia.