Oili ya Giaboksi katika Pikapu Iliyotembea Sana

Katika gereji nyingi za Afrika Mashariki imejengeka imani kwamba giaboksi ya otomatiki ambayo haijamwagwa oili kwa miaka mingi haipaswi kuguswa tena, kwa kuwa oili mpya, badala ya kuiponya, huiua. Na wanaoishikilia imani hiyo hawakosi mifano ya pikapu zilizoingia gereji zikitembea na kutoka zikivutwa. Imani ya namna hii haifai kupuuzwa, kwa maana mifano yenyewe mara nyingi ni ya kweli. Linalohitaji kuchunguzwa ni kama oili mpya ndiyo iliyoua, au iliitwa tu wakati mgonjwa yuko katika kukata roho.

Ili jambo hilo lipimwe, sharti kwanza ifahamike kazi ya oili yenyewe. Katika injini, oili hulainisha, hupoza na husafisha. Katika giaboksi ya otomatiki hufanya hayo yote na kubeba juu yake kazi mbili nyingine. Kwanza, ndiyo inayopokea nguvu ya injini, kwa kuwa mahali pa klachi ya kukanyagwa kwa mguu pana konveta, yaani chombo cha mviringo kilichofungwa pande zote, ambamo pangaboi linalozungushwa na injini huirusha oili dhidi ya pangaboi la pili, nalo likazunguka na kulipeleka gari. Pili, oili hiyo hiyo, ikisukumwa na pampu kupitia bodi ya valvu, ambayo ni bamba la chuma lenye vijia vinavyopindapinda kama njia za mchwa, ndiyo inayozibana klachi za ndani ili gia moja iachie na nyingine ishike. Klachi hizo ni sahani nyembamba zilizopangwa kwa tabaka, moja ya chuma kitupu na nyingine iliyovikwa utando wa nyuzinyuzi unaofanana na karatasi ngumu, nazo hufanya kazi zikiwa zimelowa oili daima.

Kwa hiyo oili ya giaboksi hudaiwa mambo mawili yanayopingana: iyatelezeshe meno ya gia yasilike, na wakati huo huo isizifanye klachi ziteleze zinapobanwa. Kiwanda cha General Motors cha Marekani, kilichoingiza sokoni giaboksi ya Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya toleo la mwaka 1940, kilitangaza mwaka 1949 daraja la kwanza la oili iliyotengenezwa mahususi kwa giaboksi za aina hiyo, na kwa miaka mingi kiungo kilichoipa oili uwiano wa kushika na kuteleza kilikuwa mafuta ya nyangumi, hata sheria za Marekani za kuwalinda viumbe walio hatarini zilipoyaondoa katika miaka ya 1970 na wakemia wakalazimika kutafuta mbadala. Kila kiwanda hufuata mapishi yake: General Motors wana Dexron, Ford wana Mercon, na Toyota walitoka katika oili ya T-IV, iliyo nzito kidogo, wakaingia katika WS iliyo nyepesi, na wenyewe hawaruhusu moja itumike mahali pa nyingine. Rangi nyekundu ambayo nyingi kati yake hupewa ni rangi tu, iliyotiwa ili uvujaji utambulikane kwa urahisi na oili hii isichanganywe na ya injini. Haithibitishi kwamba chupa iliyo mkononi ndiyo inayostahili giaboksi iliyo chini ya gari. Mazoea ya kuingia dukani na kuagiza lita nne za haidroliki, bila kutaja giaboksi wala kufungua kitabu cha gari, huenda yameharibu giaboksi nyingi kuliko uzee.

Adui mkuu wa oili hii ni joto. Katika mwendo wa kawaida hukaa kwenye nyuzijoto 80 hadi 95 za selsiasi, lakini pikapu iliyosheheni mifuko ya saruji ikipanda mlima wa Kitonga kwa mwendo wa kobe, konveta huisukasuka oili bila kupumzika, na nguvu ambayo haifiki kwenye magurudumu hugeuka kuwa joto. Kadiri joto hilo linavyozidi ndivyo oili inavyoungana na hewa, ikaanza kupoteza wekundu, ikawa kahawia, na mwishowe ikanuka kama kitu kilichoungua. Hii ndiyo sababu vitabu vya pikapu nyingi hutenganisha matumizi ya kawaida na matumizi magumu, na dereva anayevuta trela au kubeba mzigo kila siku hana haki ya kujihesabu katika kundi la kwanza, hata kama kitabu chake kimeandika kwamba oili hudumu maisha yote ya giaboksi. Maisha hayo ni ya urefu gani, kitabu hakisemi.

Hapo imani iliyotajwa mwanzoni inaweza kurudiwa. Watetezi wake hueleza kwamba utando wa klachi ukichakaa, chembe zake huelea katika oili na kuisaidia kushika, hivyo oili safi ikiingia klachi huanza kuteleza, yaani injini hunguruma kwa kasi na gari lisiitikie. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, ila yanasahau mpangilio wa matukio: wamiliki wengi hawaikumbuki oili ya giaboksi mpaka gari limeanza kuteleza au kushtuka linapobadili gia, na kufikia siku hiyo utando umekwisha kulika na hakuna oili itakayourudisha. Lawama huangukia chupa mpya kwa sababu ndiyo ya mwisho kuonekana karibu na maiti. Hofu yenye msingi zaidi ni ile ya mashine inayosukuma oili yote itoke kwa mkupuo, kwani katika giaboksi iliyotelekezwa kwa kilomita laki mbili inaweza kuung’oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye vijia vyembamba vya bodi ya valvu.

Njia ya busara ni kumwaga na kujaza kwa awamu. Konveta na vijia hubaki na sehemu kubwa ya oili hata sampo, lile karai la chini linaloikusanya oili, likiwa tupu. Katika giaboksi ya 4L60-E iliyofungwa katika pikapu nyingi za Chevrolet, kwa mfano, jumla ya oili ni kama lita 10 na nusu, na kushusha sampo hutoa chini kidogo ya lita 5. Ikichukuliwa giaboksi ya lita 10 inayotoa lita 4 kila mara, umwagaji wa kwanza utaifanya oili iwe mpya kwa asilimia 40, wa pili kwa asilimia 64, na wa tatu kwa asilimia 78, ikiwa gari litaendeshwa kati ya awamu moja na nyingine ili oili ichanganyike. Giaboksi huzoea pole pole, na fundi hupata nafasi ya kusoma kinachotoka.

Kusoma huko huanzia kwenye sampo. Ndani yake huwa kuna sumaku ndogo, na ikiwa imevaa ujiuji wa kijivu ulio laini kama masizi yaliyoloweshwa mafuta, huo ni uchakavu wa umri na hufutwa kwa kitambaa. Vipande vinavyokwaruza kidole ni habari nyingine, nayo ni mbaya. Tone la oili likidondoshwa juu ya karatasi nyeupe huonyesha rangi yake halisi, na likionekana la waridi na zito kama maziwa, maji ya rejeta yamepenya kwenye oili kupitia kipozeo kilichomo ndani ya rejeta, hivyo kumwaga oili kabla ya kuishughulikia rejeta ni kupoteza fedha. Kichujio na gasketi hubadilishwa wakati huo huo, na boliti za sampo, kwa kuwa ni ndogo, hukazwa kidogo kidogo kwa kuzunguka, maana mkono mzito hulipinda bati na kuanzisha uvujaji usiokuwepo.

Pikapu nyingi za siku hizi, zikiwemo Hilux za otomatiki, hazina stiki ya kupimia oili ya giaboksi, bali zina boliti ya kujazia ubavuni na boliti ya kipimo chini. Fundi mzoefu hulegeza ile ya kujazia kabla ya kugusa ya kumwagia, kwa sababu ikigoma kufunguka baada ya oili yote kuwa kwenye beseni, gari limelala hapo. Kinachomwagika hupimwa kwa chombo chenye alama na kiasi kile kile ndicho kinachorudishwa. Kisha injini huwashwa gari likiwa kwenye usawa, mkono wa gia hupitishwa taratibu katika kila nafasi, na oili ikifika kwenye joto lililotajwa na kitabu, ambalo kwa Toyota nyingi za namna hii ni karibu na nyuzijoto 40, boliti ya kipimo hufunguliwa mpaka mtiririko ugeuke matone. Oili ikipungua, pampu huvuta hewa. Ikizidi, gia huichapa ikafanya povu, na povu halina nguvu ya kubana klachi.

Iko hata hivyo giaboksi ambayo fundi mwaminifu ataiacha kama ilivyo: ile inayoteleza katika kila gia na ambayo oili yake ni nyeusi na inanuka moshi. Mwenye pikapu hiyo hufanya vyema zaidi kuiweka akiba bei ya oili na kuielekeza kwenye giaboksi ya mtumba au ukarabati wa klachi, naye akifika siku ya kuifunga hiyo nyingine, ahakikishe kipozeo kimesafishwa, kwa kuwa vumbi la klachi zilizokufa hubaki humo likiisubiri oili mpya.