Puno: Boti Hii ni ya Nani?

Mgeni anayeshuka basi Puno, kusini mwa Peru, huzeeka ghafla. Hata kama wiki iliyopita alikuwa akikimbia ufukweni, ngazi chache tu za nyumba ya wageni zinamfanya ashike ukuta na kuhema.

Mji huu uko ukingoni mwa Ziwa Titicaca, zaidi ya mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wana kipimo kizuri: vibanda vya Horombo, ambako wengi hulala usiku wa ziada ili mwili uzoee, viko mita 3,720. Puno iko juu zaidi, na ni mji kamili wenye soko, shule, bajaji na bendi za matarumbeta. Hata meli zilifika huku kwa taabu. Yavari, meli ya chuma iliyoundwa Uingereza, ilipandishwa milimani vipande vipande kwa migongo ya nyumbu, ikaungwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1870. Watu wa Kigoma, wanaoijua historia ya meli ya Liemba, hawatashangaa sana, ingawa Liemba walau ilibebwa na treni.

Kanieneo ya hewa Puno ni pungufu kwa zaidi ya theluthi moja ikilinganishwa na ya Mombasa au Dar es Salaam. Kichwa huuma, chakula hakipiti, usingizi hukatikakatika. Wenyeji wanauita ugonjwa huo soroche. Mapokezi ya hoteli nyingi huwa na chai ya majani ya koka, mmea ambao Peru ni halali lakini ukikutwa nao kwenye viwanja vya ndege vya nchi nyingine ni kesi. Dawa ya kweli ni muda. Anayetoka Lima, mji wa pwani, na kutua moja kwa moja Juliaca, uwanja wa ndege wa karibu na Puno, hupigwa vibaya kuliko aliyelala siku kadhaa Arequipa, kwenye mita 2,300 hivi. Na anayeanza kuyumba, kuchanganyikiwa au kuhema akiwa amekaa tu, huyo chai haimfai tena. Apelekwe kwa daktari na ashuke chini.

Basi ni katika saa hizo za kizunguzungu ndipo anapotokea muuza safari. Kituo cha mabasi kina watu wanaoitwa jaladores, yaani wavutaji. Zanzibar wangeitwa papasi. Wana picha, wana bei ya leo tu, na boti inaondoka kesho saa moja asubuhi. Wengine ni wakweli. Lakini mtu anayemuuzia mgeni safari ya siku nzima bila kumuuliza amefika lini amekwisha kujieleza.

Safari yenyewe karibu kila wakala anaiuza kwa mpangilio uleule. Kwanza ni visiwa vya Uros, nusu saa hivi kutoka bandarini, vinavyoelea juu ya mafungu ya mizizi ya totora, aina ya matete, na kutandikwa totora mpya juu kila ya chini inapooza. Mgeni hukanyaga na kuhisi ardhi ikibonyea. Ziara hapo ni fupi na ina harufu ya maonyesho: maelezo, vitambaa vya kuuza, kisha mwaliko wa kupanda mtumbwi wa matete ambao mara nyingi hulipiwa kando. Kulalamika ni rahisi. Ila aliyeambiwa mapema kwamba bei hiyo haimo kwenye tiketi huondoka bila kinyongo, na kumwambia hivyo ni kazi ya wakala.

Kisha kuna Taquile, na hapa ndipo suala la nani ana boti linapokuwa zito. Kisiwa hiki, kilomita 45 hivi kutoka Puno, kinakaliwa na Waquechua ambao wanaume wao hufuma kofia kwa sindano huku wakitembea. Ufumaji wao ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Wageni walipoanza kuja miaka ya 1970, wanakisiwa hawakungoja mwekezaji. Waliunda vikundi vya ushirika, wakafunga injini kuukuu za malori kwenye boti za mbao, wakapokezana zamu za kubeba na kulaza wageni. Kufikia mwaka 1982 vikundi vya boti vilikuwa 13. Miaka ya 1990 serikali ya Alberto Fujimori ilifungua biashara ya usafiri kwa kila mtu, haki yao ya pekee ya kuwabeba wageni ikayeyuka, na kampuni za Puno zenye boti za kasi zikachukua sehemu kubwa ya abiria. Leo watalii wengi hukaa Taquile saa chache, hula chakula cha mchana, kisha huondoka na boti ya mtu wa mjini.

Wanakisiwa wangali na boti zao, na tiketi zake hupatikana bandarini. Ni za polepole, takriban saa tatu. Anayetaka wakala wa mjini naye ana njia ya kumpima: ofisi ya iPerú, huduma ya serikali kwa wasafiri, hutoa maelezo bure, na wakala halali ana usajili wa utalii na risiti yenye namba ya mlipakodi. Majaketi ya kujiokolea yahesabiwe kabla ya kamba kufunguliwa. Titicaca ni ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 280, na maji yake ni baridi.

Swali kali zaidi linahusu Amantaní, kisiwa jirani ambako wageni hulala majumbani kwa zamu, wakila supu ya kinoa na viazi, na usiku wa Juni joto huweza kushuka chini ya sifuri. Wageni wengi hubeba mchele na mafuta ya kupikia kama zawadi. Lakini kabla ya zawadi, wakala aulizwe: katika bei hii, mama mwenye nyumba anapata soli, sarafu ya Peru, ngapi? Wakala mzuri hutaja kiasi bila kumung'unya maneno. Mwingine huanza kusifia machweo.