Kabambare: Uimara wa pikipiki hupimwa kwa vipuri vilivyopo sokoni

Katika barabara ya udongo kati ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, anayenunua pikipiki haulizi kwanza mwendo wake. Huuliza: ikiharibika, kipuri chake kinapatikana wapi?

Swali hilo lina uzito. Pikipiki ndiyo hubeba mchele, mawese, wachuuzi wanaokwenda Salamabila, jirani na mgodi wa dhahabu wa Namoya, na hata mama mjamzito anayewahishwa hospitalini. Mvua ikikolea, malori hukwama topeni. Pikipiki ikilala siku tatu kwa kukosa beringi moja, dereva hana kipato siku zote hizo, na aliyeinunua kwa mkopo bado anadaiwa.

Kampuni za India, kama Bajaj yenye Boxer na TVS yenye HLX, zinaijua hesabu hiyo. Pikipiki zao zinazotamba Afrika zina injini ya pistoni moja inayopozwa kwa hewa, kabureta na kiki ya mguu. Taa hubadilika, siti huongezwa urefu, rangi huja mpya, lakini ndani mambo hubaki karibu yaleyale miaka mingi. Hivyo mwenye duka huweka akiba ya klachi na waya za breki bila hofu ya kukosa mnunuzi mwakani.

Kiwanda hakifanyi hivyo kwa huruma. Cheni, sproketi na breki zimekusudiwa kulika ili sehemu za gharama kubwa zipone, na pikipiki inayouzwa mara moja huleta wateja wa cheni kwa miaka. Shida ni vipuri bandia, vinavyofanana na vya asili hadi kwenye boksi. Sproketi ya chuma laini huisha mapema na kuiharibu cheni mpya, kisha lawama humwendea mtengenezaji ambaye hakuiuza.

Biashara hii ipo hata kwenye magari ya kuchezea yanayoendeshwa kwa rimoti. Kampuni ya Tamiya ya Japani imeuza magari mengi ya kuunganisha yakiwa na bushi za plastiki, huku beringi za chuma zikiuzwa kando. Bei ya kuanzia huwa nafuu. Uboreshaji hulipiwa baadaye. Ila gari hilo likikwama, kinachokatika ni mchezo tu.

Huku vijijini uboreshaji ni kazi ya fundi wa kuchomelea: keria nzito nyuma, vyuma vya kukinga injini, shokapu zilizokazwa. Lakini keria ikiimarishwa, mzigo nao huongezwa, na ufa huhamia kwenye fremu, ambayo si kitu cha kununuliwa dukani kama cheni.

Jambo jingine liko njiani. Tangu Aprili 2020, India ilipokaza masharti ya moshi, pikipiki nyingi za soko la huko zimehamia mfumo wa elektroniki wa kuingiza mafuta kwenye injini. Za Afrika nyingi zimebaki na kabureta, ambayo fundi huifungua kwa bisibisi na kuiosha kwa petroli chini ya mwembe. Mfumo mpya hutumia mafuta vizuri zaidi, lakini sensa ikigoma huhitaji kifaa maalumu cha kupimia. Bila kifaa hicho Kabambare, pikipiki itapakiwa juu ya pikipiki nyingine na kupelekwa mjini.