Kuisoma Video Ghafi: Kasoro za Picha Zitokazo katika Kamera Iliyorekebishwa

UTANGULIZI

Mtafiti wa fasihi simulizi anaporejea kutoka nyanjani huwa amebeba mali ambayo aghalabu haipatikani mara ya pili. Mtambaji mzee aliyemtolea ngano jioni moja huenda asiitambe tena kwa namna ile ile. Tena huenda mwaka ujao asiwepo. Kwa hiyo, rekodi hiyo inapofunguliwa katika kompyuta ikaonekana imejaa vidoa, au imegeuka rangi ya waridi, au imekataa kabisa kufunguka, hasara inayodhaniwa kutokea si ya fedha peke yake. Na kwa kuwa faili za aina hii ni kubwa mno, kishawishi cha kuzifuta ili kupata nafasi ni kikubwa pia.

Nia ya makala haya ni kueleza asili ya kasoro hizo na njia ya kuzitambua. Hoja yetu ni kwamba nyingi miongoni mwazo hazimo katika rekodi yenyewe bali katika usomaji wake. Rekodi ni nzima. Aliyekosea ni msomaji, yaani programu iliyopewa vipimo visivyo sahihi. Mfano tutakaoutumia ni kamera ya Canon 5D Mark III, iliyotolewa mwaka 2012, ikiendeshwa kwa msaada wa programu iitwayo Magic Lantern.

1. MAANA YA "GHAFI"

Kabla ya kuendelea, yafaa tulieleze neno lenyewe. Kamera ya kawaida ikishapiga picha za video huzichagulia rangi, huzisawazisha nuru, huzibana, kisha ndipo huzihifadhi. Mengi ambayo kihisi kiliyaona hutupwa katika kazi hiyo. Video ghafi ni ile iliyohifadhiwa kabla ya kazi hiyo kufanywa: ni orodha ya tarakimu tu, jinsi zilivyotoka katika kihisi.

Wapo wanaopendelea kusema "video mbichi". Sisi twaonelea kwamba "ghafi" lafaa zaidi. Tunda bichi likiachwa huiva lenyewe, lakini pamba ghafi haijifumi ikawa nguo. Hali kadhalika, video hii haitakuwa picha mpaka mtu aishughulikie, na akiishughulikia vibaya atapata nguo mbovu kutokana na pamba nzuri.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba kila pikseli ya kihisi huona rangi moja tu. Mpangilio unaotumika zaidi ni ule wa Bryce Bayer, mhandisi wa kampuni ya Kodak, ambaye hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Katika kila pikseli nne, mbili hupokea kijani, moja nyekundu na moja buluu. Rangi mbili zinazokosekana katika kila pikseli hukadiriwa baadaye kwa kutazama pikseli jirani. Basi programu ikianza kuhesabu kutoka pikseli isiyo ya mwanzo, itaita kijani nyekundu, na picha nzima itapotoka rangi.

2. KAMERA NA MZIGO WAKE

Magic Lantern ilianzishwa mwaka 2009 na Trammell Hudson kwa ajili ya kamera ya Canon 5D Mark II. Si kazi ya kampuni ya Canon, na anayeitumia huitumia kwa dhamana yake mwenyewe. Haiifuti programu ya asili ya kamera. Hupakiwa kutoka katika kadi ya kumbukumbu kila kamera inapowashwa, ikafanya kazi sambamba na ile ya asili. Mwaka 2013 waliokuwa wakiiendeleza walifaulu kuifanya kamera ya 5D Mark III ihifadhi video ghafi mfululizo, jambo ambalo kamera hiyo haikuundwa kulifanya.

Kasoro kadhaa huanzia hapo, kwani kamera imebebeshwa mzigo mkubwa. Hebu tuupime. Fremu moja yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Kila pikseli ikiandikwa kwa biti 14, fremu hiyo huchukua baiti 3,628,800. Kwa fremu 24 katika sekunde moja, kadi hutakiwa kupokea megabaiti 87 hivi kila sekunde. Dakika moja huzidi gigabaiti 5, na saa moja huzidi gigabaiti 313.

Kadi isiyoweza kupokea kwa kasi hiyo huifanya kamera ijaze hifadhi yake ya ndani. Hifadhi ikijaa, mojawapo ya mambo mawili hutokea, kulingana na jinsi mtumiaji alivyoagiza: ama kurekodi husimama, ama fremu fulani hurukwa na kurekodi huendelea. Anayerekodi utambaji huvutiwa na chaguo la pili, kwani hataki mtambaji akatizwe. Lakini ajue kwamba deni hilo atalilipa baadaye katika kulinganisha sauti na picha, kama tutakavyoona.

3. FAILI ISIYOFUNGUKA

Kadi nyingi hupangwa kwa mfumo usioruhusu faili moja kuzidi gigabaiti 4. Kwa mzigo tulioutaja, kiasi hicho hujaa katika sekunde 49 hivi. Kamera basi hukata faili na kuanza nyingine. Ya kwanza huishia na herufi MLV, zinazofuata huishia na M00, M01, M02 na kuendelea. Mtafiti aliyezoea kuziona faili za video zikisimama kila moja peke yake hunakili ile ya kwanza akaziacha nyingine, akidhani ni takataka za kamera. Matokeo yake ni ngano yenye utangulizi tu, isiyo na kisa.

Dawa ni kunakili folda nzima, kuziweka sehemu zote mahali pamoja, na kutobadili majina yake. Kila sehemu ina utambulisho wa rekodi yake uliomo ndani, kwa hiyo hata pakitokea mchanganyiko inawezekana kujua ipi ni ya rekodi ipi.

Yafaa pia kujua jinsi faili hiyo ilivyojengwa. Imegawanywa katika vipande, na kila kipande huanza kwa herufi nne za kukitambulisha, kisha ukubwa wake, kisha wakati kilipoandikwa. Kipande cha fremu hubeba pia namba ya fremu. Kwa sababu hiyo, hata betri ikiisha katikati ya kurekodi na kichwa cha faili kikabaki bila hesabu ya fremu, fremu zilizokwisha kuandikwa zingali pale, na programu inayopita kipande baada ya kipande huweza kuzisoma. Kutofunguka kwa faili hakumaanishi kwamba ni tupu.

4. UKUNGU NA WEUPE WA WARIDI

Tufike sasa katika kasoro inayowatisha watu wengi. Faili imefunguka, lakini picha imefunikwa na ukungu, na sehemu zilizopaswa kuwa nyeusi zimekuwa na rangi ya zambarau. Sababu ni hii. Kihisi hakiandiki giza kwa tarakimu sifuri. Biti 14 zina nafasi ya tarakimu kuanzia 0 hadi 16,383, na katika kamera tunayoizungumzia giza tupu huandikwa karibu na 2048. Hiki ndicho kiwango cha weusi. Msomaji asipokitoa kiwango hicho kwanza, giza litahesabiwa kuwa ni nuru. Isitoshe, ili kusawazisha rangi, programu huzidisha nyekundu na buluu kuliko kijani. Nuru hiyo ya uongo nayo huzidishwa, na ndiyo sababu ukungu huelekea zambarau.

Kosa la upande wa pili hutokea mtu anapopunguza biti ili kuipumzisha kadi. Rekodi ya biti 12 isiyobanwa ina kiwango cha weusi kilicho karibu na 512, na ya biti 10 karibu na 128. Programu ikiendelea kutoa 2048 katika tarakimu za biti 12, itakuwa imetoa nusu ya kiasi kizima. Picha itakuwa nyeusi kama usiku, na mtafiti atadhani alisahau kufungua lenzi. Hakusahau. Abadilishe tarakimu moja tu, uso wa mtambaji utarudi.

Kiwango cha weupe nacho kina kosa lake. Panapokuwa na nuru kali, mathalani taa ya karabai au mwanya wa dirisha, pikseli hujaa na kufikia kikomo chake. Kikomo hicho katika rekodi za biti 14 huwa 15,000 au zaidi kidogo. Programu ikiambiwa kwamba kikomo kiko juu kuliko kilivyo, haitatambua kwamba pikseli zimejaa. Itazidisha nyekundu na buluu kama kawaida, kijani kikabaki nyuma, na taa nyeupe itakuwa ya waridi. Kushusha kiwango cha weupe huondoa waridi hilo. Lakini tuseme kweli: hakurudishi umbo la kitu kilichopotea ndani ya mwanga huo. Pikseli za rangi zote zikishajaa, hakuna kilichoandikwa cha kusomwa.

5. VIDOA, MISTARI NA FREMU ZILIZOPASUKA

Vidoa vidogo vya rangi vilivyojipanga kwa utaratibu huonekana zaidi katika kamera za Canon 650D, 700D, 100D na EOS M. Vihisi vya kamera hizo vina pikseli maalumu zinazosaidia kulenga, na pikseli hizo hazipokei nuru kama wenzake. Kamera yenyewe inapotengeneza video huzificha. Katika video ghafi hubaki wazi. Tiba ni ramani ya mahali zilipo, ili kila moja ipewe thamani inayokadiriwa kutokana na jirani zake. Ramani hutegemea aina ya kamera na ukubwa wa picha. Ramani ya kamera nyingine huacha vidoa vya zamani na kuongeza vipya.

Mistari ya wima hutokana na jinsi kihisi kinavyosomwa. Safuwima husomwa kwa njia nane, na njia hizo hazilingani kabisa kwa nguvu. Tofauti ni ndogo, lakini mtu akiiongezea nuru picha iliyorekodiwa gizani, mistari hujitokeza kila baada ya pikseli nane. Programu ya kusomea huweza kupima tofauti hiyo na kuisawazisha. Ni muhimu kazi hii, pamoja na ile ya kuondoa vidoa, ifanywe kabla ya kukadiria rangi. Kidoa kikishakadiriwa hukopesha uovu wake kwa jirani, na hapo kukiondoa ni vigumu zaidi.

Fremu iliyopasuka ni jambo jingine. Hapo sehemu ya juu ya picha huwa sawa, na ya chini husogea upande na kugeuka waridi au kijani, kwa sababu mpangilio wa rangi umehama pamoja nayo. Hili si kosa la msomaji: tarakimu ziliharibika ndani ya kamera wakati wa kuandikwa. Fremu moja kama hiyo yaweza kubadilishwa kwa nakala ya fremu iliyotangulia, na mtazamaji asitambue. Zikiwa nyingi, kamera ipunguziwe mzigo kabla ya safari nyingine.

6. UMBO NA WAKATI

Kamera ikiwekwa katika hali ya fremu 50 au 60 kwa sekunde, husoma mistari michache zaidi ya kihisi kutoka juu hadi chini. Picha hutokea ikiwa imebonyezwa, na mtambaji huonekana mfupi na mnene kuliko alivyo. Urefu wa picha uzidishwe kwa 5 na kugawanywa kwa 3, naye atarudia kimo chake.

Kwa mwanafunzi wa lugha, hata hivyo, jambo kubwa zaidi ni kulingana kwa neno na ishara. Hapa kuna makosa mawili. La kwanza ni kwamba kile kinachoitwa fremu 24 kwa sekunde mara nyingi ni 23.976. Tofauti ni moja katika elfu, nayo yaonekana haina maana. Lakini rekodi ya saa moja ikichezwa kwa kasi ya 24 kamili, picha itaitangulia sauti kwa sekunde 3.6; na katika ngano ya dakika kumi, kwa zaidi ya nusu sekunde. Mkono utainuka kabla ya neno lake, nasi tutaandika katika uchambuzi wetu kwamba mtambaji huashiria kwanza ndipo asemapo. Hapo kosa la kompyuta litakuwa limegeuka kuwa nadharia.

La pili ni zile fremu zilizorukwa. Fremu 24 zikikosekana, picha huwa imeitangulia sauti kwa sekunde nzima. Kwa bahati njema, kila fremu ina namba yake. Pengo katika namba laonyesha mahali na kiasi cha upungufu. Pengo hilo lijazwe kwa kurudia fremu iliyotangulia, wala lisiachwe lijifunge lenyewe. Na mtafiti aliandike katika maelezo ya rekodi, ili atakayeitumia ajue kwamba mahali hapo mkono haukusimama. Kamera ndiyo iliyonyamaza.

HITIMISHO

Tumeona kwamba kasoro za video ghafi ni za namna mbili. Zipo za usomaji: sehemu zisizokusanywa, viwango vya weusi na weupe visivyo sahihi, ramani isiyo yake, umbo lililobonyezwa, kasi iliyokosewa. Hizi zote zatibika, maadamu faili ya asili ingalipo. Na zipo za uandishi: fremu zilizopasuka, fremu zilizorukwa, nuru iliyozidi kikomo. Hizi hazitibiki kikamilifu, ila zaweza kukiriwa na kuwekewa alama.

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu: nakili zote, kagua sehemu, hakiki viwango, ondoa vidoa na mistari, rekebisha umbo, linganisha sauti, na rangi ije mwisho. Anayeanza na rangi hupaka dawa juu ya nguo. Zaidi ya yote, asiifute faili kwa sababu tu hakuweza kuisoma. Mswada wa kale wenye hati ngumu hatuuchomi kwa kuwa leo hakuna anayeusoma. Twautunza hadi atakapopatikana msomaji. Rekodi ya mzee aliyekwisha kutuaga nayo ni mswada.