Mfuko wa Huduma ya Kwanza Uende Machungani

Ndugu mfugaji, karibu kila boma lina kopo la dawa za mifugo: OTC, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, sindano. Lakini kijana akijikata na panga machungani, mara nyingi jeraha hufungwa kwa pembe ya shuka lenye vumbi. Machungani ndiko kazini kwako. Mfuko wa huduma ya kwanza unaoning'inia nyumbani haumsaidii aliye mbali, kwa hiyo aubebe anayetoka na mifugo.

Kopo la plastiki lenye mfuniko linatosha. Weka sabuni, shashi safi, bandeji pana mbili, plasta, mkasi, kibano cha kutolea miiba, glavu na paketi mbili za ORS. Glavu zivaliwe pia ng'ombe akitupa mimba, maana ugonjwa wa kutupa mimba huambukiza binadamu anayeshika ndama au kondo la nyuma kwa mikono mitupu.

Damu ikitoka kwa wingi, weka shashi na ubonyeze kwa nguvu dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Ikilowa, ongeza nyingine juu yake.

Akiumwa na mbwa au mnyama wa porini, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakitibiki.

Nyoka ndiye anayetushinda wengi. Kifutu hakimbii, hulala kimya njiani mpaka akanyagwe. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, wala usipoteze muda na jiwe jeusi. Mvue bangili, pete na viatu kabla mguu au mkono haujavimba. Funga fimbo mbili kando ya mguu kwa bandeji, usikaze sana, ili usitikisike. Asitembee. Pikipiki inafaa: mgonjwa akae katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia. Dawa ya sumu ya nyoka hutolewa hospitali, na si kila zahanati inayo. Uliza mapema ni wapi ipo, kabla mvua hazijaanza, na uandike namba ya mwenye pikipiki ndani ya mfuniko.

Dawa za mifugo zisikae katika kopo hili. Tumewaona watu wakijidunga OTC au kupulizia kidonda dawa ya ng'ombe. Dawa hizo hazikupimwa kwa ajili ya binadamu. Dawa ya kupe ikimrukia mtu machoni, osha kwa maji safi kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali pamoja na chupa yake ili mganga asome lebo.

Kilichotumika kinunuliwe siku ya mnada inayofuata, kabla fedha ya mbuzi haijaisha.