Mbwa Anakula, Basi ni Mzima? Hadithi Saba Tunazosimuliana Fizi na Baraka

Kama unaishi Baraka, Mboko, Swima au Fizi-Centre, hadithi hizi umeshazisikia: sokoni, chini ya mwembe, au kando ya ziwa pale ndagala wanapoanikwa na mbwa wamejilaza wakivizia. Kwetu kila mtu ni munganga wa wanyama, mpaka mnyama afe. Tumechukua saba zinazosemwa sana juu ya mbwa na mbuzi wa nyumbani wanaoonekana wazima, tukaziuliza moja moja: ushahidi uko wapi?

1. "Mnyama anayekula vizuri hana ugonjwa."

UONGO. Hamu ya kula ni habari njema, lakini si cheti cha afya. Kijibwa anaweza kuzaliwa tayari na minyoo, kwa sababu viluwiluwi vya minyoo hiyo hupita kutoka kwa mama kabla hajazaa. Anakula kwa fujo, tumbo linavimba kama ngoma, na mwenye nyumba anasifia shibe. Kumbe mayai ya minyoo yanadondoka uani pamoja na mavi, na watoto wanaochezea udongo wanayameza kwa vidole vyao. Mbuzi mwenye ugonjwa wa brusela naye huweza kunenepa vizuri tu hadi siku atakapotupa mimba. Hata kirusi cha kichaa cha mbwa hukaa mwilini kimya kwa majuma au miezi, kisha kikaingia kwenye mate siku kadhaa kabla mbwa hajaonyesha dalili yoyote.

2. "Mzee akifunua kope la mbuzi, anajua kama ana damu."

KWELI, na wazee wapewe heshima yao. Afrika Kusini wataalamu waliigeuza hekima hii kuwa kadi ya rangi tano iitwayo FAMACHA, jina lililotokana na la mganga wa mifugo Faffa Malan. Unashusha kope la chini la mbuzi au kondoo, unalinganisha rangi ya ndani na ile ya kadi. Nyekundu ni salama. Ikipauka kuelekea nyeupe, mara nyingi minyoo ya tumboni inamnyonya damu na anahitaji dawa. Fanya kazi hiyo mchana, nje, maana ndani ya nyumba kila rangi hudanganya.

Kwa mbwa wako aliyekuzoea, inua mdomo wa juu. Ufizi usio na madoa meusi unatakiwa kuwa wa waridi. Ubonyeze kwa kidole mpaka uwe mweupe, kisha achia. Rangi irudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Ikichelewa, au ufizi ukiwa umepauka, mtafute veterineri. Hicho nacho ni kipimo, na hakina bei.

3. "Mbwa asiyebweka ana kasoro."

UONGO. Misitu ya Kongo ndiyo nyumbani kwa basenji, mbwa wa kuwinda anayejulikana duniani kwa kutobweka. Ndiyo maana wawindaji humfunga kengele ya mti ili wamsikie porini. Ila shika hili: mbwa aliyezoea kubweka, kisha sauti ikabadilika ghafla na mate yakaanza kumchuruzika, msimkaribie. Koo linalopooza ni moja ya dalili za kichaa.

4. "Mbwa akila majani, anajitibu minyoo."

HAIJATHIBITISHWA. Hadithi hii ina mzizi wa kweli, na mzizi wenyewe uko ng'ambo ya ziwa letu. Mwaka 1987, kwenye milima ya Mahale huko Tanzania, mtafiti Michael Huffman na mwenzake Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe mgonjwa akitafuna mti mchungu ambao watu wa kwa Kalunde huutumia kama dawa, na sokwe huyo akapata nafuu. Mti huo ndio ule ambao wengi huku Kivu wanauita mubirizi. Baadaye watafiti walipochunguza mavi ya sokwe kule, walikuta dalili kwamba dawa hiyo inapunguza minyoo.

Lakini mbwa si sokwe. Watafiti wa chuo cha Davis, California, waliwauliza wenye mbwa, na mwaka 2008 wakatoa jibu: wengi wa mbwa wanaokula nyasi hawakuwa wagonjwa kabla ya kula. Ni tabia yao tu. Kwa hiyo mpe dawa ya minyoo inayolingana na uzito wake, na nyasi mwachie ale.

5. "Kipimo cha damu kinaonyesha kila kitu."

UONGO, na hapa hata watu wa mijini hudanganyika. Kwanza, hakuna kipimo cha damu kitakachokuhakikishia kwamba mbwa aliye hai hana kichaa. Ugonjwa huo huthibitishwa kwa kupima ubongo wake akishakufa. Pili, kiwango kinachoitwa "cha kawaida" maabarani hupangwa hivi kwamba wanyama wazima 95 kati ya 100 waangukie ndani yake. Watano waliobaki ni wazima pia, ila karatasi itawashitaki. Mpime mbwa mzima vitu 20 visivyotegemeana, na uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje ya mstari unafika kama 64 kwa 100. Hapo utaanza kununua dawa za ugonjwa usiokuwapo.

Je, damu isipimwe? Ipimwe kwa mnyama mzee, anayekwenda kupasuliwa, au anayetumia dawa kwa muda mrefu. Kwa mnyama kijana aliye mzima, muulize kwanza veterineri swali moja: jibu litabadilisha nini? Kwa mazingira yetu, mavi kidogo chini ya darubini yana faida kubwa zaidi, kwa sababu mayai ya minyoo yakionekana, dawa ipo na kazi inaanza siku hiyo hiyo.

6. "Chanjo iliyotoka kwenye friji ni maji matupu."

NUSU KWELI. Chanjo nyingi huharibika kwa joto, na sheria ya baridi ibaki sheria. Lakini watafiti waliofanya kazi Tanzania waliijaribu chanjo moja ya kichaa cha mbwa, Nobivac Rabies. Iliyokaa miezi 6 kwenye joto la nyuzi 25, na iliyokaa miezi 3 kwenye nyuzi 30, ziliamsha kinga mwilini mwa mbwa sawa na ile ya kwenye friji. Kwa miji ambako umeme ni wa kubahatisha, hiyo ni habari kubwa. Haimaanishi chanjo yoyote iachwe juani kwenye pikipiki. Muulize anayechanja ni chanjo gani na imehifadhiwaje.

7. "Mbwa wetu ni mzima, amemuuma mtoto kidogo tu. Tungoje."

UONGO WA HATARI. Dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu, ni kifo karibu kila mara. Osha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mbwa naye, kama mnaweza bila hatari, msimuue kwa hasira. Mfungeni, mumwangalie siku 10. Akibaki mzima baada ya hapo, hakuwa na kirusi kwenye mate siku alipouma, na munganga atajua namna ya kuendelea.

Dawa ya kweli ni kuchanja mapema. Shirika la Afya Duniani linasema tukichanja mbwa 70 kati ya 100, ugonjwa unakosa pa kupita. Kisiwa cha Pemba huko Tanzania kiliufukuza mwaka 2014, ukarudi 2016, na kufikia 2018 walikuwa wameufukuza tena kwa kuchanja mbwa.

Kwa hiyo, baba na mama wenye mbwa au mbuzi uani, anzeni na visivyohitaji faranga: kope, ufizi, uzito, mavi. Faranga za kwanza mtakazopata ziende kwenye dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa, na vipimo vya bei kubwa vingoje mpaka viwe na sababu. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa. Msiisubiri: mwulizeni veterineri wa eneo lenu wiki hii chanjo inapatikana lini, na mkienda, mchukueni na mbwa wa jirani.