ETA ya Uingereza: Tazama Pasipoti Kwanza
Tangu Februari 22, 2024, raia wa Oman anayekwenda Uingereza kwa matembezi bila ya viza anatakiwa awe na idhini ya kielektroniki ya kusafiri, iitwayo ETA, kabla hajapanda ndege.

Wako wanaodhani idhini hii ni ya kila mkaazi wa Muscat. Sivyo. Kinachotazamwa ni uraia, si mahali mtu anapoishi. Mume mwenye pasipoti ya Oman ataomba ETA. Mkewe mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya ataomba viza, hata akiwa na ukaazi wa Oman. Viza huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo aanze yeye, kisha ndipo mkate tiketi.

Kila msafiri anaombewa ETA yake, hata mtoto mchanga. Ombeni kupitia GOV.UK au programu yake rasmi, tengeni siku 3 za kazi, na mjibu maswali kwa ukweli. ETA hudumu miaka 2 au mpaka pasipoti iishe muda. Mwenye pasipoti mpya huomba upya. Idhini hiyo si hakikisho la kuingia: uamuzi hubaki kwa maafisa wa mpakani.

Allah Awafikishe salama.